Heri Kabla ya Siku

"Wee uliyevaa kama taa ya barabarani! Hii gari ni yako?"

Falk Hesselbarth aligeuka, kalamu ya saini bado iko mkononi. Soko la Adenau siku hiyo lilikuwa limejaa hadi ngazi za kanisa. Ni ile Ijumaa ambayo madereva wa mbio hushuka mjini na magari yao, na watu wa milimani, watoto kwa wazee, huja kugombania saini. Soseji zinachomwa, moshi umetanda, injini zinanguruma. Falk alikuwa ndani ya ovaroli ya rangi ya machungwa inayong'aa, na kwa kweli alijiona amependeza.

Aliyemwita alikuwa amechungulia dirishani kwenye lori la njano la kuvuta magari mabovu. Nywele nyekundu, amezibana juu kwa kalamu ya risasi. Ovaroli ya bluu imepakaa grisi mpaka viwikoni, lakini masikioni ana hereni za lulu, ndogo, safi kabisa.

"Ni yangu," Falk akasema akitabasamu. "Unataka saini?"

"Saini nipeleke wapi? Nataka uiondoe! Umeniziba. Kuna mama gari imemzimikia kule darajani, ana mtoto analia na aiskrimu zote zinayeyuka."

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akamwambia, "Dada, kwani humjui huyu?"

"Namjua. Ni mtu aliyeegesha vibaya."

Falk akaingia kwenye gari lake mbio mbio, na kwa haraka ile akalizimisha. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Watu wanashangilia kama vile ni mbio zenyewe. Masikio yakamwiva. Alipofanikiwa kulisogeza, lori likapita taratibu ubavuni mwake, na mlangoni akasoma: ZILKEN NA BINTI.

"Wewe ni Zilken au ni binti?" akapaza sauti.

"Zilken ni baba. Binti ni dada yangu, amekimbilia Hamburg. Mimi ndiye huyo NA!"

Akaondoka. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa nyuma ya lori, kubwa, na Falk alikuwa na macho ya dereva.

Jioni simu ikalia pale gereji.

"Zilken, tunavuta magari."

"Na mioyo je? Mnavuta?"

"Inategemea. Imekwama wapi?"

"Kwenye soko la Adenau. Iligoma kuwaka mara mbili mbele za watu."

Akasikia kicheko, kicheko cha kweli, kile cha mtu aliyekuwa hajapanga kucheka. "Aa, taa ya barabarani! Haya, jina langu ni Merle. Kesho nina nafasi saa ya chakula, na ukichelewa ninakula mwenyewe."

Hakuchelewa.

Basi kiangazi kile wakapendana. Walipendana kwa vitu vidogo vidogo: kula vibanzi ndani ya lori mvua ikinyesha, kubishana nani anajua zaidi kurudi kinyumenyume na tela, kupigiana simu bila sababu.

"Unafanya nini, hazina yangu?"

"Niko chini ya basi la watalii."

"Limekukanyaga?"

"Nalifunga mnyororo, mjinga wewe. Kata simu."

"Kata wewe."

"Nina mikono michafu, siwezi. Kata wewe."

Na hakuna aliyekata.

Falk alimweleza maisha yake yote. Alianza kuendesha karti, vile vigari vidogo vya mbio, akiwa na miaka minane. Baba yake alikuwa dereva wa basi la mji, na kila Jumamosi alimpeleka uwanjani, na njiani wanakula mikate ya mama iliyofungwa kwenye karatasi. Wenzake wote aliokua nao walikuwa wameshachukuliwa na timu za viwanda vya magari, wale wanaolipwa waendeshe tu, hawana kazi nyingine. Yeye alikuwa akiuza majiko ya umeme siku za wiki, na wikendi anaendesha gari la timu ndogo ya Bwana Krahwinkel, pamoja na Jost Wallraf.

Jost alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, ana mabinti wawili na upara. Ndiye aliyemwonyesha Falk kila tundu la barabara ile ndefu inayozunguka msituni. Kwenye mbio za saa nyingi dereva mmoja hushuka na mwenzake hupanda, na aliyeshuka ndiye anayemfunga mwenzake mikanda. Anavuta kwa nguvu mpaka yule aseme inatosha. Wakati anavuta, Jost huwa anauliza swali lile lile: "Gari iko vipi?" Na unajibu ukweli, kwa sababu mwenzako anakwenda kuweka roho yake mle ulimotoka wewe.

"Baba yangu kamfunga mama mkanda siku ya harusi," Jost alipenda kutania. "Mimi nafungwa na hili jitu la machungwa. Kila mtu na bahati yake."

Mbio za mwisho za msimu ziliangukia Jumamosi moja ya Oktoba, baridi, majani mekundu yamejaa barabarani. Na siku hiyo alikuja mtu. Bwana Siebenlist, mtu wa kiwanda, amevaa koti refu la kijivu na viatu visivyo na doa. Alikuja kuchagua dereva mmoja wa mwaka ujao. Kila mtu alijua anamwangalia Falk.

Asubuhi Merle akaingia kwenye gereji ya uwanjani na keki ya plamu, imefunikwa taulo la maua. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la sufi la kijani, mara ya kwanza Falk kumwona bila ovaroli, na mafundi wote wakaacha spana zao hewani.

"Heri ya kuzaliwa, hazina yangu!"

Mafundi wakatazamana.

"Ni kesho," Falk akasema.

"Nini?"

"Siku yangu ya kuzaliwa. Ni kesho, Merle."

Merle akawa mweupe kama sahani. "Si ulisema wikendi ya mbio..."

"Jumapili."

"Mama yangu wee!" akalia Lothar, mpishi wa timu. "Unampongeza mtu kabla ya siku yake? Na leo? Unatafuta mkosi? Gonga ubao ufukuze mkosi, binti! Gonga ubao haraka!"

Merle akatafuta ubao. Meza ilikuwa ya plastiki. Kabati za chuma. Viti vya plastiki. Hakuna hata kijiti. Mwisho, kwa kukosa ubao, akamgonga Falk kichwani mara tatu, ngo ngo ngo, na watu wote wakacheka, hata Jost, hata Bwana Siebenlist pale mlangoni. Keki ikaliwa. Ila Lothar hakuonja.

Falk ndiye aliyeanza. Aliendesha kama hajawahi kuendesha. Alikuwa anaongoza, na nyuma yake kulikuwa na gari jeusi linamsogelea, na kichwani mwake kulikuwa na koti la kijivu. Mzunguko wake wa mwisho kabla ya kumwachia Jost, alipotoka kwenye kona ya Karuseli, alipanda kingo ya barabara kwa pupa. Pigo likampanda hadi menoni. Baada ya hapo usukani ukaanza kutetemeka. Kidogo tu, kama mkono wa mtu mwenye homa.

Alijua. Dereva anajua.

Akasimama, akashuka, Jost akaruka ndani. Falk akainama, akaanza kuvuta mikanda. Juu ya bega la Jost alimwona Bwana Siebenlist ameshika saa yake. Falk akisema usukani unatetemeka, mafundi watatoa gurudumu, watachungulia, na gari jeusi litapita.

"Gari iko vipi?" Jost akauliza ndani ya helmeti.

"Safi," Falk akasema. Akavuta mkanda mara moja zaidi, akampiga bega. "Nenda."

Jost hakumaliza mzunguko. Kwenye kona ya Msalaba wa Mswidi, pale watu wanapita kwa kasi ya kutisha, gurudumu la mbele kushoto likaondoka.

Lori la njano ndilo lililoitwa kwenda kuvuta. Merle alikuwa ameshavaa ovaroli juu ya gauni la kijani. Alifika akakuta gari limekunjwa kama karatasi, na juu ya paa, kati ya majina ya madereva, la kwanza alilosoma lilikuwa la Falk. Hakumbuki alishukaje kwenye lori. Wakamwambia si yeye, ni yule mzee mwenzake, yuko hai, nyonga imevunjika na mguu pia, helikopta imeshamchukua. Merle akakaa chini kwenye majani mekundu. Kisha akasimama, akafunga mnyororo, kwa sababu ndiyo kazi.

Watu wakasema ni kipande cha chuma barabarani. Wakasema ni bahati mbaya. Lothar akasema ni ile heri.

Falk alikuwa amekaa kwenye kiti cha korido ya hospitali simu ilipoita.

"Falk, ni mimi."

"Hazina yangu."

"Falk... ni mimi? Nimefanya mimi?" Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Ile heri niliyosema."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitosha. Falk akafungua mdomo, na kilichotoka ni kicheko kifupi.

"Unajua wanavyosema. Si ulinipongeza mapema?"

Alitaka uwe utani. Lakini neno lilipokuwa linatoka, alijisikia amepumua. Ndicho kitu alichokuja kukichukia zaidi ya vyote: kwamba alipumua.

Merle akakata simu. Ilikuwa mara ya kwanza kati yao mmoja kukata.

Kesho yake Falk alitimiza miaka thelathini na hakuna aliyempongeza. Alipiga simu, Merle hakupokea. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Falk akawa na hakika: amejua. Amelivuta gari, ameona kitu, amejua. Akaacha kupiga, kwa hofu kwamba siku moja atapokea.

Na Merle, kule gerejini, alikuwa anaitazama simu ikilia na kulia machozi. Alijua jambo moja tu: yeye ana mkosi, na anayempenda anakwenda kila wikendi mahali ambapo mkosi unaua. Akajisemea, nikimpenda kweli nikae mbali. Baba yake alipotimiza sitini, Merle alikaa kimya asubuhi nzima, ameshika kalenda, mpaka mzee mwenyewe akamfuata jikoni: "Leo hakuna heri kwa baba?" Ndipo akasema, na akaigonga meza mpaka vidole vikauma.

Bwana Siebenlist alipiga simu wiki ya Krismasi. "Karibu kwetu, Hesselbarth. Wewe ndiye." Kitu alichokitaka tangu karti, tangu ile mikate ya mama kwenye karatasi. Falk akasema asante sana. Kisha akaingia bafuni akatapika.

Ovaroli mpya ilikuja, nyeupe, jina lake limedariziwa kwa uzi wa fedha. Akaitundika nyuma ya mlango. Kila akilala anaiona, imesimama pale kama mtu anayesubiri jibu.

Februari ndipo alipopata moyo wa kwenda kumwona Jost, kwenye kituo cha mazoezi ya wagonjwa waliovunjika viungo kule bondeni kwenye mto Ahr. Alinunua maua, akayaona ya kijinga, lakini hakuyatupa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Akanusa keki ya plamu.

"...kwa hiyo nimekuja tena kukuomba radhi, Bwana Wallraf."

"Merle, binti yangu, kila Alhamisi unakuja na keki, kila Alhamisi unaomba radhi. Mimi nanenepa tu, mguu hauponi."

"Lakini nisingesema ile heri..."

"Mkosi hauna masikio! Nilikosea mimi. Nilikanyaga kipande cha chuma sikukiona, basi. Kwa miaka niliyoendesha nilitakiwa nione. Mke wangu anasema nimezeeka, na labda kweli." Sauti ya Jost ikashuka. "Usiku najiuliza sana, unajua. Nilitazama wapi?"

Falk alisimama pale na maua. Watu wawili ndani wanagombania kosa, kila mmoja anasema ni langu, ni langu. Na mwenye kosa yuko nje ya mlango, mikono mitupu ukiondoa maua.

Akausukuma mlango.

"Si lako," akamwambia Jost. Akamgeukia Merle, amekonda, kalamu iko nyweleni pale pale. "Wala si lako. Niligonga kingo pale Karuseli. Usukani ulikuwa unatetemeka. Nilijua, na sikusema."

Merle alikuwa na kisu cha keki mkononi. Akakiweka mezani polepole sana.

Jost akasema, taratibu, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira:

"Nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umenishika mkanda mkononi. Nikakuuliza."

"Ndiyo, Jost."

"Ukasema safi."

"Nilisema safi."

Jost akageuza uso dirishani. "Toka. Maua yaache, mke wangu anapenda."

Merle alimfuata kwenye korido. Falk alidhani atampiga kibao, na alitamani ampige.

"Nilikuuliza na mimi," Merle akasema. "Kwenye simu. Nilikuuliza, ni mimi? Ukacheka."

"Merle—"

"Jost umemdanganya kwa sababu ya haraka. Sawa, haraka nazijua. Mimi ulinidanganya ukiwa umekaa kwenye kiti. Falk, nilikuwa naogopa kumwambia baba yangu heri. Baba yangu! Nilikuwa naona nikimgusa mtu atakufa." Akatoa ile kalamu kwenye nywele, zikamwanguka usoni, na akazitumia kujificha. "Usinipigie tena. Kama gari limeharibika, piga. Vinginevyo usipige."

Siku hiyo hiyo Falk alikwenda kwa Krahwinkel, akasema. Kesho yake akaenda kiwandani, na ovaroli nyeupe mkononi, akasema tena. Bwana Siebenlist alimsikiliza mpaka mwisho.

"Watu wenye mbio wako wengi, Hesselbarth," akasema. "Mtu wa kukuambia gari iko vipi, huyo ndiye wa kutafuta. Nilidhani nimempata." Akaipokea ovaroli, akaikunja vizuri, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu.

Jina likaharibika. Hakuna timu iliyompigia. Falk akapata kazi ya kufundisha wastaafu namna ya kufunga breki kwenye maji, kwenye uwanja mdogo nje ya mji. Mabibi wenye kofia walimpenda. "Kijana, mbona una huzuni hivyo?" "Tazama mbele, bibi, kona hiyo."

Mwezi wa Juni Jost akampigia. "Sijakusamehe," akasema badala ya salamu. "Lakini binti yangu mdogo anataka kujifunza karti na mimi siwezi kuinama. Jumamosi, saa nne. Kila ukimfunga mkanda, nitakuwa nimesimama hapo hapo."

"Nitakuja."

"Najua utakuja. Kuja ni rahisi."

Kila Jumamosi Falk alimfunga mtoto mkanda, na Jost, na mkongojo wake, alimuuliza kwa sauti: "Gari iko vipi?" Na Falk anajibu kila kitu, mpaka upepo wa tairi, mpaka kikwaruzo kwenye rangi. Jost anaitikia kwa kichwa.

Oktoba ikafika tena, na majani mekundu. Mchana wa Jumapili moja, simu ikalia pale gereji.

"Zilken, tunavuta magari."

"Gari limenizimikia," sauti ikasema. "Kwenye soko la Adenau."

Merle aliijua ile sauti kabla haijamaliza.

"Umeegesha vibaya?"

"Hapana. Safari hii nimeegesha vizuri."

"Nakuja."

Soko lilikuwa tupu, mvua imetoka kupita, mawe yanang'aa. Falk alisimama kando ya gari lake kuukuu, koti la kahawia, mikono mifukoni. Merle hakumsalimia. Alilifunga gari mnyororo, akalipandisha, akamfungulia mlango wa abiria. Falk akakaa. Mkanda wa lori lile ulikuwa mgumu, hakuweza kuuvuta. Basi Merle akainama, akaushika, akauvuta kwa nguvu mpaka ukambana kifuani. Hereni za lulu zilikuwa karibu kabisa na uso wake. Hakuuachia.

"Gari iko vipi?" akauliza.

Falk akamtazama. Angeweza kusema betri. Angeweza kusema pampu.

"Nzima," akasema. "Haina ubovu wowote. Nimechomoa waya mwenyewe, uko mfukoni. Uliniambia nipige kama gari limeharibika, na halikuharibika miezi yote hii minane, Merle. Nilisubiri. Hili gari la ajabu, haliharibiki."

Merle akanyoosha kiganja. Falk akautoa ule waya akauweka pale. Merle akauangalia waya, akamwangalia yeye, na kicheko kikamtoka, kile ambacho hakijapangwa, kisha kikageuka katikati kikawa karibu na kilio, na akajifuta pua kwa mkono wenye grisi. Sasa ana sharubu nyeusi.

"Nakupenda," Falk akasema. "Sistahili, lakini ndivyo gari lilivyo. Sitakudanganya tena. Unaweza kunisamehe?"

Merle akazunguka, akapanda upande wake, akawasha lori. Vipangusio vya kioo vikaenda na kurudi.

"Siku yako ya kuzaliwa ni lini?"

"Unajua ni lini."

"Nataka useme. Wazi. Siku na jina lake."

"Kesho. Mwaka huu ni Jumatatu."

"Kesho," Merle akarudia. Akaingiza gia. "Basi leo usiniulize kitu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja. Kesho asubuhi washa simu yako. Kuna jambo nataka kukuambia, na sisi huku hatumwambii mtu kabla ya siku yake."

Lori likashuka polepole kuelekea darajani. Falk hakuuliza tena. Alinyoosha mkono tu, akagonga dashibodi kimya kimya. Ilikuwa ya plastiki. Basi Merle, macho yake barabarani, akanyoosha mkono wa kulia akamgonga kichwani mara tatu.